Ulimi wa Mwonja Maji

Mwanawe mkubwa alikuwa anaotea kwenye lango la mfereji tangu jioni, na mwonja maji hakulala. Alikaa kitandani akisikiliza kama mbwa watabweka upande wa mtoni. Habari aliyoisubiri ni moja tu: kwamba shemeji yake kakamatwa.

Mto wenyewe ulikuwa mdogo, maji ya magotini, lakini vijiji vyote vya pale pwani vililima kwa maji yake. Bahari ikijaa, chumvi ilipanda mtoni. Bahari ikipwa, maji yalirudi kuwa matamu. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyechota kwa kiganja, akaonja, akasema "fungua" au "acha". Msimu huu miche ya mboga ilikuwa imeungua kwa chumvi mara mbili. Akajua kuna mkono wa mtu, unaofungua lango usiku. Na ni wa nani, kama si wa shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeitamani kazi hiyo tangu zamani? Kila asubuhi alipita langoni akitabasamu. Mtu mwenye moyo safi anatabasamu nini saa kumi na mbili? Mwonja maji alimsema kikaoni mbele ya watu, naye shemeji akanyimwa zamu ya maji. Bustani yake ikakauka.

Alfajiri mwanawe aliingia, matope hadi mapajani.

"Hakuja mtu, mama."

"Amekuona akarudi. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Sikiliza, mama. Jana jioni uliniambia maji matamu. Nikafungua, nikafunga, nikakaa palepale. Sasa hivi nimeonja yaliyo kwenye matuta. Ni chumvi tupu."

Akamkazia macho, huenda naye kalishwa maneno. Kisha kijana akasema, taratibu, kwamba tangu ile homa iliyomlaza mama mwezi wa tatu, wadogo zake wanamwaga kwa siri mchuzi anaoupika. Haulambiki kwa chumvi.

Mama alikwenda jikoni, akatia kijiko cha chumvi mdomoni. Ikamkwaruza ulimi kama mchanga. Basi, hakuna zaidi.

Hakuvaa viatu. Alibisha kwa shemeji, akayasema yote pale nje, majirani wasikie kama walivyosikia kikaoni. Ndani, kikombe kiliwekwa mezani.

"Shemeji," sauti ikasema, "na huo ukweli, umeuonja vizuri?"

Alisubiri mpaka jua likapanda ukutani. Komeo halikuguswa.