Simu ya Mikono Miwili

Watu wengine wakipigiwa simu huipeleka sikioni. Edina huitafutia kwanza mahali pa kuegemea. Huisimamisha kwenye beseni la usipa, akajifuta magamba kwa khanga, akarudi nyuma kidogo, ndipo aanze kuzungumza. Anahitaji mikono yote miwili, maana mikono ndiyo kinywa chake. Homa ilimchukua masikio akiwa bado anabebwa mgongoni, na shule ya viziwi ilikuwa mbali na uwezo wa mama yake, Ida.

Mimi na Edina tunaanika usipa, hawa dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, kichanja changu karibu na chake, kaskazini ya Mbamba Bay, tangu yeye ni msichana. Kwa hiyo nikisema sijaona mwanamke hodari kama huyu, sijasimuliwa na mtu.

Lugha yake aliitunga na kaka yake Aidan walipokuwa wadogo. Padri ni kidole kinachozunguka shingo. Mimi, Mama Glorious, ni mikono kiunoni na midomo iliyobinuliwa. Nimelalamika sana, hawajaibadilisha. Lugha hiyo ilikuwa na wasemaji wawili tu, na Aidan alipopata kazi kwenye kiwanda cha chai huko Njombe, akabaki mmoja. Mama yake anajua ishara za jikoni: njoo, kula, lala, funga mlango. Hebu wewe jaribu kuishi na maneno hayo tu. Miaka ile Edina alikuwa mkali, anasukuma watu, na kijiji kikasema ndivyo viziwi walivyo. Upuuzi mtupu. Alikuwa na maneno tele kifuani na hana wa kumwambia.

Mnara wa simu ulipojengwa, Aidan akamtumia simu ya kioo. Siku ya kwanza alipotokea kwenye kioo hicho, badala ya salamu akaweka mikono kiunoni, akabinua midomo, akatazama huku na huku kama anayemtafuta mtu. Edina alicheka mpaka akashika tumbo. Nilijua nimetajwa.

Tangu hapo ufukweni hapakuwa vilevile. Upepo ukivuma na injini za boti zikinguruma, sisi wenye masikio tunapayuka "haloo, haloo" huku tumeziba sikio moja. Yeye anaongea kwa raha zake, umbea wote wa hapa unafika Njombe bila kelele. Niseme kweli, nilimwonea wivu. Aidan anasema siku hizi kuna programu zinazojifunza kugeuza ishara za viziwi kuwa sauti. Zije, tutazipokea. Ila zikifika huku zikae kwanza vichanjani na Edina, la sivyo zitanitafsiri vibaya.

Kisha akaja Cleopa, kijana mrefu, mpole, aliyekuwa akishuka kutoka Tingi kununua usipa wa kuuza kwao. Hakuridhika kupatana bei kwa vidole. Aliomba namba ya Aidan, akawa anapanda kilimani kule kwao ambako mtandao unashika, anafundishwa ishara kwa video. Akishajifunza chache, anampigia Edina. Siku moja alitaka kumwambia kwamba amemkumbuka. Mkono ukakosea, akasema ana njaa. Aliposhuka alikuta ugali wa watu wanne na samaki mzima, mbasa wa ziwani. Akala wote, maskini, bila kusahihisha neno. Nikasema moyoni, huyu ataoa.

Padri Cuthbert alipoitangaza ndoa yao kanisani, William, baba mkubwa wa Edina, alisimama.

"Padri, napinga. Mtoto huyu haelewi anachokubali. Tutamtoa kama mbuzi anayevutwa kamba."

Mtoto! Mwanamke aliyemjengea mama yake nyumba ya bati! Nilitaka kusimama na mimi, mume wangu akanivuta gauni. Lakini William si mtu mbaya, aliogopa tu. Padri akasema hawezi kufungisha ndoa ya mtu ambaye jibu lake hajalielewa. Ishara za Ida zilikuwa za jikoni. Cleopa hawezi kuwa mkalimani wa ndoa yake mwenyewe. Likizo ya Aidan haikupatikana. Ikakubaliwa kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, Aidan atafsiri kwa simu. Jibu lisipopatikana, ndoa hakuna.

Jumapili hiyo hakuna aliyetoka ibada ilipokwisha. Simu ilisimamishwa mezani mbele ya altare, na sisi wa viti vya mbele tukawa tunachungulia.

"Shikamoo, Padri," sauti ya Aidan ikatoka.

"Marahaba. Muulize dada yako kama anajua ndoa ni nini."

Aidan akauliza kwa mikono. Edina akajibu, tena kwa kirefu. Aidan akakohoa.

"Padri, anasema anaijua kuliko baba mkubwa, ambaye mama mkubwa alishamkimbia mara mbili."

Kanisa likaangua kicheko. William akatazama dari.

"Sasa muulize, yeye anamtaka Cleopa kwa hiari yake?"

Aidan akainua mikono. Alikuwa anauliza: unamtaka, au humtaki? Hapohapo kwenye "humtaki" picha ikaganda, kiganja kimepita usoni kama anayefukuza moshi. Ishara hiyo kila mtu kijijini anaijua, ndiyo anayopewa mnunuzi aliyetaja bei ya dharau.

"Mmeona!" William akapaza sauti. "Amekataa! Kaka yake mwenyewe ametafsiri!"

"Ni mtandao huo!" nikasema, na wengine wakanibishia. Ida akaanza kulia. Cleopa alisimama kama aliyesahau njia ya kwao.

Edina hakusikia lolote katika hayo. Aliona midomo yetu inavyokwenda na machozi ya mama yake. Akainama, akatazama kioo, akaelewa. Uso ulimkunjamana, nikadhani atasukuma mtu kama zamani. Badala yake akamvuta Cleopa mpaka mbele ya Padri, akamkunjua viganja. Akachota hewani kwa mikono miwili, akammiminia. Kisha akachota tena, kidogo, akaweka juu.

Hiyo ya pili ndiyo iliyotumaliza. Hakuna mwanamke kanisani mle asiyewahi kununua usipa kwa Edina. Mkipatana, anakumiminia. Akiwa amekupenda, anakuongezea juu bila kuombwa, na asipokupenda huongezewi hata mmoja. Vigelegele vikalipuka. Padri Cuthbert, ambaye naye ni mteja, akavua miwani.

"Na nyongeza juu," alisema. "Mzee William, unataka jibu gani tena?"

"Mimi hajawahi kuniongezea," William akajibu taratibu.

Wakati huo picha ikarudi. Aidan alikuwa anafumbua kinywa, anauliza jambo. Tukampigia kelele kanisa zima: amekubali, amekubali! Akatikisa kichwa, akagusa sikio. Sauti haikuwa imerudi.

Wa kwanza kujua la kufanya alikuwa Ida. Akasogea mbele ya simu, akachota hewani, akamimina, akaongeza juu. Padri akafuata, na mavazi yake ya ibada. Kisha viti vya mbele, kisha wanaume wa nyuma, mimi, mwishowe hata William, kila mtu anachota na kumimina, midomo imefungwa. Edina akageuka, akatuona wote tunasema lugha yake, akaketi kwenye ngazi ya altare akalia.