Uprofesa wa Mama Kunguni

Wanafunzi ndio waliomwita Mama Kunguni, na jina lilimkaa. Miaka yote aliyofundisha chuoni alichunguza wadudu hao wa vitandani, na kila alipoomba uprofesa, kamati ya kupandisha vyeo ilimwimbia wimbo uleule: makala zako ni nzuri, ila watafiti wenzako hawazinukuu. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kabla hajastaafu. Mimi, karani wa kamati hiyo na jirani yake wa ofisi, nilishaanza kumwita Profesa.

Sababu ilikuwa makala yake moja. Tangu alipoomba mara ya mwisho, ilikuwa imenukuliwa mara mia nne na ushei, tena si na watu wa wadudu peke yao: wachumi, wahandisi wa majengo, hata madaktari. "Kunguni wangu wametembea kuliko mimi," alisema, tukacheka mpaka machozi.

Asubuhi ya usaili nilimkuta mezani, chai imepoa. Alikuwa anasoma kazi za hao waliomnukuu ili ajiandae kwa maswali. Karibu wote walitaja ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Makala yake inaishia ukurasa wa kumi na tano.

"Hawajanisoma, mdogo wangu. Wamenakiliana tu."

Yeye aliandika kwamba alipulizia dawa kwenye vyumba vitupu vya bweni, na baada ya saa moja akaingia, amevaa barakoa, kuhesabu kunguni waliokufa. Mchumi mmoja akafupisha: baada ya saa moja chumba kinaingilika. Mhandisi akatia chumvi: ni salama kwa wakaaji. Madaktari wakamalizia: hata kwa watoto wachanga. Na wote walimtaja yeye kuwa ndiye aliyesema.

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite," nikamwambia. "Pata cheo kwanza. Wiki ijayo uwaandikie hao wote."

Nilikuwa na hasira, sifichi. Mtu asote miaka yote hiyo, halafu akitie mchanga kitumbua chake mwenyewe? Alijifunga kitambaa kichwani, akanitangulia kwenda kikaoni.

Ndani ya kikao, Mwenyekiti alisoma kwa madaha hesabu ile ya waliomnukuu. Daktari, mjumbe kutoka kitivo cha tiba na mzee mpenda utani, akapiga makofi.

"Ushauri wako tunawapa akina mama kila siku," alisema. "Hata binti yangu leo anapulizia chumba chake. Ana kichanga, mjukuu wangu wa kwanza."

Kalamu ilinikwama. Sasa hata mimi sikujua nimwombee Dada anyamaze au aseme.

"Daktari," alisema taratibu, "anapulizia saa ngapi?"

"Nadhani keshapulizia. Kwani vipi?"

"Mpigie simu. Mtoto asilazwe mle. Mimi sikupima watoto. Sikumpima mtu yeyote. Nilihesabu kunguni."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, pima maneno yako. Hesabu hii ndiyo iliyokuleta hapa."

"Najua, Mwenyekiti. Ifute."

Daktari alikuwa keshafika mlangoni. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Tulimsikia kwenye korido akipaza sauti: "Mtoe! Mtoe nje kwanza, maswali baadaye!"

Dada aliombwa asubiri nje. Kamati haikumngoja Daktari arudi. Mwenyekiti aliuliza bila makala ile kunabaki nini, na mjumbe wa takwimu akajibu, hata macho hakuinua, kwamba kunabaki kidogo. Mikono ikanyooshwa. Niliandika "hakupandishwa" na moyo ukaniuma kama vile nimenyimwa mimi.

Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye benchi. Uso wangu ulikuwa umeshasema yote, lakini hakuutazama. Alinipungia mkono nisiseme kitu. Alikuwa anamkodolea macho Daktari, mwisho wa korido, simu bado sikioni.

Daktari akageuka. Akaketi sakafuni na suti yake.

"Analia," alisema. "Namsikia, analia kwa nguvu."

"Basi anapumua," Dada akasema, na hapo ndipo naye alipoanza kulia.