Bingwa wa Matumbo

Mawese yakipata moto jikoni kwangu, harufu yake hunirudisha mtaani kwetu Buzebazeba, kwenye jamvi alipolazwa mdogo wangu. Hakuwa ametimiza mwaka. Alilia akikunja magoti hadi kifuani, akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena. Alitapika kijani. Kwenye nepi palikuwa na damu yenye utelezi.

“Chango hilo,” alisema bibi jirani, bingwa wa kila tumbo la mtaa, huku akimkanda kwa mawese ya uvuguvugu. Mashangazi waliitikia kama wako maulidini. Hakuna aliyeuliza ni chango gani linalotapisha kijani.

Mama akamnyakua mtoto, akapanda bodaboda.

Hospitalini daktari alipapasa tumbo, akakuta uvimbe. Utumbo ulikuwa umejiingiza ndani ya utumbo, njia imeziba. “Mngeendelea kukanda, ungepasuka,” alisema. Walimfanyia upasuaji mchana uleule.

Mtoto aliporuhusiwa kurudi nyumbani, bibi alikuja kupokea sifa.

“Mikono yangu ndiyo iliyomlegezea tumbo,” alisema, na mashangazi wakaitikia tena.

Mama akapandisha fulana ya mtoto. “Na huu mshono, bibi, nao umeushona wewe?”