Pumzi Iliyofutwa

Kila Jumamosi mchana, kwenye redio moja hapa Bariadi, nilikuwa nachambua rekodi mpya za nyimbo zetu za kale za Kisukuma: za jembe, za harusi, za waganga wa nyoka. Watu walinipendea mdomo wangu mchafu. Rekodi mbaya niliiita takataka hadharani, na takataka zilikuwa tele, jamani.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa manju wa wanawake wanaolima pamoja kule Ngulyati. Yeye anaimba mbele, wenzake wanaitikia na majembe. Madaktari walipomwambia atapasuliwa koo na huenda sauti isirudi, hakulia. Alikuja mjini na wenzake wachache, akaingia studio, akarekodi nyimbo zake zote za palizi, ili msimu wa pamba ukifika walime kwa sauti yake hata kama yeye hana tena. Kweli haikurudi. Ulibaki mnong'ono. Flashi aliniletea mwenyewe, akaniambia sikioni, "Ipige redioni. Useme kama unavyowasemaga wengine."

Nikaisikiliza nyumbani. Loo! Nilipata kinyaa mpaka nikaenda kutema mate nje. Walikuwa wamempakia kinanda juu, ngoma ya kompyuta chini, na sauti yake wameinyoosha ikawa kama ya kibati. Lakini hayo ni madogo. Walikuwa wamemfutia pumzi! Katika nyimbo za jembe, manju akivuta pumzi majembe yanapanda, akitamka yanashuka. Mle ndani mama mkubwa aliimba mwanzo mpaka mwisho bila kuhema hata mara moja. Mtu gani anaimba hivyo? Maiti?

Nilikwenda studio nimefura. Fundi, baba mzima mwenye mvi zake, akanisikiliza mpaka nikamaliza matusi.

"Mwalimu," akasema, "si wewe uliyesema redioni rekodi zetu chafu, mtu anahema kama ng'ombe anayepanda mlima? Nikaona huyu ni mama yako, nimsafishe vizuri usije ukatuaibisha."

Nilikuwa nimesema hivyo, tena zaidi ya mara moja, na watu walicheka sana. Nikamuuliza ile ya mwanzo iko wapi. Akasema kompyuta ilijaa, ameifuta.

Basi Jumamosi nikakaa mbele ya maikrofoni. Nilijua Ngulyati nzima imefungua redio. Nilimfikiria mama mkubwa amekaa na koo lake lililoshonwa, nikajiambia sasa nikisema ukweli nitamsaidia nini? Nikasifia. Nikasema rekodi safi, sauti ya dhahabu, kila nyumba iwe nayo. Maneno yalinitoka yanateleza kama mlenda, nami nikajichukia kila sentensi.

Kesho yake nilienda kumsalimia, nikitegemea furaha. Wanawake walikuwa shambani, wamepanga mstari kwenye pamba, wanapalilia kimya. Kimya kabisa! Sijawahi kuona. Spika ilikuwa imelala juu ya kiroba, imezimwa. Binti wa mama mkubwa akanieleza kwamba walijaribu asubuhi, lakini hakuna aliyejua ainue lini. Majembe yaligongana, mmoja akakatwa kidole cha mguu, wakazima.

Mama mkubwa alikuwa mwisho wa mstari, analima peke yake nyuma ya wenzake.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama yangu kwa Kisukuma.

Alimaliza tuta lake, akaegemea mpini, akaniita kwa kidole nisogee. Nikainama, sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Niliisikiliza kabla sijakuletea," akanong'ona. Ilimbidi apumzike kila baada ya maneno mawili matatu. "Nilijua imeharibika. Nilikuwa nangoja wewe uwatukane, watu wote wajue ile siyo mimi."

Nikaanza kujitetea. Nikasema, mayu, nilikuwa nakulinda.

Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi na bado anatafuta pa kupangusia mguu.

"Wenzangu wote unawatukanaga," akasema. "Mimi ndiyo ukaona wa kuhurumiwa?"

Akageuka, akainua jembe.