Mwanga Ndani ya Kamera ya Musyoka

Sisi tuliokua kabla ya simu kuingia mifukoni tunajua kwamba picha ilikuwa kitu cha kungojewa. Ulipigwa mwezi wa nne, ukajiona Krismasi, na kama mwenye kamera alihama katikati, hukujiona kabisa. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na hakuna mtu aliyeipeleka Kitui mjini kusafishwa kabla zote hazijaisha. Ingekuwa kama kuepua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kabla haujaiva.

Mjukuu wangu Mwende, anayeniita susu, yaani bibi, hupiga picha thelathini na sita za sahani moja ya chipsi, chipsi zikapoa, halafu anafuta zote abaki na moja. Simcheki sana. Sisi nasi tulikuwa na vituko vyetu. Tulijipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, tukaazima viatu kwa jirani, tukasimama wima kama tumeitwa mbele na mwalimu mkuu. Kucheka ilikuwa hapana. Mmoja alishika redio isiyo na betri, mwingine akashika tawi la ua, na picha ikirudi iliandikwa nyuma kwa kalamu: ukinikumbuka, tazama hapa.

Kwetu ni upande wa Zombe, na miaka ya themanini ndiyo iliyonikuza. Tulichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu, punda wawili na madumu manne. Shuleni tulikunywa maziwa ya pakiti za pembetatu, na jioni tukacheza kati, wa katikati akikwepa mpira wa matambara, hadi mama aite. Tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao. Naikumbuka sauti yake ikivuka boma, na harufu ya katani mbichi mikononi mwake, kwa maana hakuwahi kukaa bila kusokota nyuzi za kiondo, kikapu chetu cha katani. Alizisokota juu ya paja, hata akiongea na wageni, hata akituchapa kwa maneno. "Mkono uliolala haujui njaa inatoka wapi," alituambia.

Kaka yangu Musyoka, kifungua mimba wetu, alikuwa na kazi ya gereji Emali. Agosti moja alikuja na kamera. Kijiji kizima kilijua kabla hajafika nyumbani. Alipiga baiskeli yake, akapiga beberu wa baba, akapiga majirani na watoto wao. Mwisho akamwomba Mwaitu asimame karibu na ua. Mwaitu akakataa kusimama.

"Nipige nikifanya kazi," alisema. "Ukinipiga nimekaa bure, wajukuu watasema nilikuwa mvivu."

Akapigwa ameketi kwenye kigoda, kiondo mapajani, uso umeinuka kidogo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Musyoka na nilisikia kamera ikilia kwa sauti ndogo. Picha nne zilikuwa zimebaki. Musyoka akafunga kamera ndani ya sanduku la bati la Mwaitu, akasema tutamalizia Krismasi tukiwa wote, na akanionya mimi hasa, kwa kuwa mikono yangu haikutulia: "Hii haifunguliwi. Umesikia?"

Nilisikia.

Mvua za Novemba zilipoanza, Mwaitu alishikwa na homa. Alipelekwa hospitali kwenye pikapu ya jirani, na hakurudi akiwa hai. Nilikuwa na miaka tisa. Sitaeleza mazishi, wanaojua wanajua. Nitasema tu kwamba kitambulisho chake, ambacho kilikuwa na uso wake mdogo usio na rangi, kilichukuliwa ofisini siku ya kuandikisha kifo, maana hiyo ndiyo sheria. Nyumbani hatukubaki na uso wake hata mmoja. Musyoka akatutuliza. Alisema, "Msilie hivyo. Mwaitu yuko ndani ya kamera."

Alisema vile kama watu wazima wanavyosema. Mimi nililichukua neno lilivyo.

Wiki ya pili watu walipokuwa shambani wakipalilia, nililifungua sanduku. Nguo zake zilikuwa zinanukia katani bado. Nikaitoa kamera nje kwenye jua ili nione vizuri, nikatafuta mlango wake, nikaufungua. Niliwaza nitamkuta pale ameketi, mdogo, na kiondo chake. Nikakuta utepe wa rangi ya chai iliyochacha, hauna mtu. Nilishtuka, nikafunga, nikairudisha ilipokuwa na kuifunika kwa leso yake. Sikujua kwamba nimefanya lolote zaidi ya kutomwona.

Krismasi tulipigwa zile nne, na baada ya mwaka mpya Musyoka akaenda mjini. Alirudi na bahasha nyembamba. Baiskeli ilitoka safi. Beberu wa baba alitoka safi kabisa, hata ndevu ungezihesabu. Zetu za Krismasi zilitoka vilevile. Lakini Mwaitu alikuwa amebaki mikono. Mikono miwili, nyuzi za katani na kiondo. Na juu ya hapo, palipokuwa na uso, mwanga mwekundu na wa machungwa ulikuwa umemla mpaka ukawa mweupe.

"Filamu imeingia mwanga," Musyoka alisema. "Kumbe sikufunga vizuri."

Musyoka alilia kama mtoto, mtu mzima wa kuvaa ovaroli, akirudia kwamba ni yeye, ni mikono yake ya haraka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua ni mikono yangu, na siku ile ikapita, na mwaka ukapita. Aliiuza ile kamera na hakushika nyingine. Kila harusi alipoombwa apige picha alijibu kwamba yeye hana mkono wa picha. Nikamsikia akisema hivyo mpaka akaota mvi. Mara nyingi nilijiambia nitamweleza Krismasi ijayo.

Musyoka tumemzika mwezi uliopita. Mwende ndiye aliyetengeneza kijitabu cha mazishi, na siku mbili kabla ya kwenda kuchapishwa alinionyesha ukurasa wa mbele kwenye simu. Picha ya babu yake Musyoka ilikuwa ya mwaka jana, lakini sasa ilikuwa na punje punje na rangi iliyopauka, na kwenye kona ya juu mwanga mwekundu na wa machungwa ulikuwa unashuka kuelekea usoni.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Ni programu tu, susu. Inafanya picha ikae ya kitambo, kama ya filamu. Hiyo mwanga ndiyo watu wanapenda zaidi."

Watu wanaupenda. Sisi tulisubiri miezi mitano tukiomba Mungu usiingie, na watoto wetu wana kitufe cha kuuingiza. Siwalaumu, hawakuona bahasha ile. Wana nyuso za mama zao mia tano, wakicheka, wakipika, wakisinzia kanisani, na labda aliye na nyingi hivyo anaweza kuuchoma mmoja kwa urembo. Wakati wetu uso ulikuwa mmoja.

"Itoe," nikamwambia.

Akagusa mara moja, ule mwanga ukaondoka, na Musyoka akabaki safi, mzee wa watu, akinitazama. Kumbe ulikuwa unaweza kutoka. Nililia mpaka mtoto akaogopa. Akaniuliza kama amekosea.

Nikamwambia si yeye. Nikamwambia ni mimi, ni mimi niliyefungua kamera ya babu yake, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, na kwa Musyoka nimechelewa kwa siku chache.

"Ulikuwa unatafuta nini, susu?"

"Mwaitu," nikasema. "Musyoka alisema yuko ndani."