Kiti cha Dereva

Dada yangu Phoebe alikaa kwenye kiti cha dereva miaka ishirini na miwili kabla gari halijasogea hata hatua moja akiwa pale.

Gari lenyewe ni Landrova kuukuu ya shemeji Cleophas, aliyoinunua kwenye mnada wa magari ya serikali. Iko nyumbani kwao Navakholo, chini ya mabati, na kila Jumamosi niliyowatembelea nilimkuta shemeji amelala chini yake, miguu tu nje. Sitamnyima haki yake: mikono anayo. Springi alibadilisha mwenyewe, giyaboksi aliishusha kwa mnyororo na gogo la mkaratusi, na mafundi wa mjini walimkimbia kwa maswali yake.

Ila kuna kazi moja isiyofanywa na mtu mmoja, nayo ni kutoa hewa kwenye breki. Mmoja hulala chini na spana, mwingine hukaa juu akanyage. "Kanyaga! Kanyaga! Shika hapo!" Phoebe anakaza mguu, shemeji anafungua nati, hewa inatoka pamoja na mafuta ya breki, anafunga. "Achilia!" Hivyo hivyo mpaka gurudumu la nne. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yao marefu kuliko yote juma zima, na sitanii. Dada alifika mahali akawa anajua kwa unyayo tu kama hewa imeisha. "Bado, Baba Ashley. Bado ni laini," alisema, na shemeji alirudi chini bila kubisha.

Kazi ikiisha, shemeji alimwambia ashuke. Alijipangusa mikono, akaketi pale pale alipoondoka mkewe, akaenda kuijaribu barabarani peke yake.

Dada alimwomba amfundishe. Mara ya kwanza nilikuwepo. "Utaniharibia giya, Mama Ashley," alisema. "Wanawake hawaendeshangi Landrova." Akaomba mara ya pili mama yetu alipougua, na ya tatu sikumbuki lini, kisha akanyamaza. Mimi nilichemka. Yeye aliniambia, "Wachana naye, Priscah, ndivyo alivyo."

Mwaka jana, mwezi wa tano, siku ya soko, walimaliza breki saa nne asubuhi. Shemeji akainuka kuchukua tambara, akaanguka. Mdomo ulikwenda upande, na mkono wa kulia ukalegea kabisa. Wanaume wa karibu wote walikuwa sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya udongo wa murram ilikuwa utelezi mtupu, na kila boda aliyepigiwa simu alisema anangoja ikauke. Phoebe na jirani yake Mitchel walimburuta wakampakia nyuma ya Landrova. Kisha Phoebe akapanda mbele, akanipigia.

"Imewaka, Priscah. Nifanye nini sasa?"

Mimi nilikuwa kwangu Shirere, nafua nguo. Sijui kuendesha hata toroli. Nilimwambia akanyage klachi atie giya ya kwanza, maana ndivyo ninavyoona watu wakifanya. Nikasikia gari likiruka na kuzima. Akawasha tena, likaruka, likazima. Mara ya nne likaenda, likapanda kisiki cha mparachichi pale pale uani, likakwama. Nilimsikia dada akilia kwenye simu.

Elvis, mmoja wa wale wa boda, alifika saa tisa alasiri barabara ilipokauka, akawabeba. Mjini daktari alisema, "Mmechelewa sana."

Shemeji alirudi nyumbani bila maneno na bila upande wa kulia. Anatakiwa kupelekwa mazoezi hospitalini kila Jumatano. Ndipo dada, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, alipopanga jambo bila kuuliza: alimwita Titus, mdogo wake shemeji, dereva wa trekta la miwa, aje amfundishe. Nami nilienda kushuhudia. Nilivaa nguo nzuri kabisa, sitadanganya.

Ufunguo shemeji huuweka mfuko wa shati. Titus aliinama mbele yake. "Kaka, tupatie ufunguo, Mama Ashley ajifunze. Si ni wewe atakuwa anapeleka?" Shemeji akamtazama, akamtazama mkewe, halafu akainua mkono wa kushoto polepole, akaufunika mfuko. Akatikisa kichwa.

Mkono wenyewe hutetemeka hata kwa kikombe. Mtoto mdogo angeuondoa. Tulingoja dada auondoe. Alikuwa ameshanyoosha wake. Akaurudisha, akasema anaenda kuchemsha chai.

Nimemkasirikia shemeji miaka mingi na sina mpango wa kuacha, lakini siku ile nilimkasirikia dada. Nilimfuata jikoni.

"Ni mgonjwa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Ndio kitu amebaki nayo."

"Na wewe umebaki na nini?"

Alichochea moto.

Sasa kila Jumatano wanakwenda kwa boda: Elvis mbele, shemeji katikati amefungwa kwa leso mgongoni mwa Elvis, dada nyuma amemshikilia asianguke. Nilikuwepo Jumatano iliyopita alipokuwa akimvalisha. Alimvua shati la jana, akamvalisha safi, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Kisha akautoa ufunguo kwenye shati chafu, akautia katika mfuko wa lile safi, akaupigapiga kidogo kwa kiganja ili mumewe ajue upo.