Orodha ya Wifi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, ni mtu wa kuandika. Anafanya kazi ofisi ya bima, na nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba kila kitu duniani kiko karibu kuharibika. Kwa hiyo walipopanga kwenda Lushoto na watoto likizo ya Juni, wakanialika mimi na mama, nilichotumiwa kwanza hakikuwa siku ya kuondoka. Ilikuwa orodha. Iliingia kwenye simu nikiwa ofisi ya walimu, shuleni kwetu Terrat: vitu arobaini na kitu vya kubeba kwenye safari ya familia kwa gari. Aliitoa mtandaoni, akaitafsiri mwenyewe.

Niliwasomea walimu wenzangu kwa sauti. Mto wa shingo, mmoja kwa kila abiria. Mfuko wa kuning'iniza nyuma ya kiti, wenye vijumba vya penseli. Mashine ndogo ya kufyonza vumbi ndani ya gari. Nilipofika kwenye kifaa cha kukwangulia barafu kiooni, mwalimu wa hesabu alilaza kichwa mezani kwa kicheko. Pembeni ya hicho wifi alikuwa ameandika, "Hiki sidhani kama tutakihitaji." Eti hakudhani! Wiki nzima mtu akiniuliza kama nataka chai, nilimjibu kwamba sidhani kama nitaihitaji, na ofisi nzima inacheka.

Mimi ni mtu wa dharau, nalijua hilo. Nimerithi kwa baba, ambaye aliweza kumdharau mtu kwa namna alivyofunga mbuzi. Na kuhusu safari nilijiona mjuzi. Tangu ujana nimesafiri na kanga mbili, chupa ya chai na mayai ya kuchemsha, na nimefika kila nilikokwenda. Sikuwahi kujikumbusha kwamba safari zote hizo nilikuwa kwenye basi, na tairi lilikuwa shida ya mtu mwingine.

Asubuhi ya safari nilifika kwao Kisongo saa kumi na mbili na nusu, maana tuliambiwa saa moja kamili tunaondoka. Mama nilimkuta ameshakaa sebuleni amevaa koti. Alikuja jana yake kutoka Akheri, ingawa Akheri iko njiani na tungeweza kumpitia. Alisema gari likishaanza safari halisimami kwa ajili ya mzee. Alikuwa amekuja na mkungu mzima wa ndizi.

"Mama, hizi za nini?" nilimuuliza.

"Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

"Tunakwenda nyumba ya wageni. Tunalipa kulala."

"Kwani wao hawana matumbo?"

Nje, wifi alikuwa amesimama nyuma ya gari na karatasi yake, kalamu sikioni. Kila kitu kilichoingia alikiwekea alama ya vema. Hema la kuchezea watoto, la nini sijui, maana Lushoto tulikuwa na vyumba viwili vya kulala. Viti vya kukunja vinne, wakati watu tulikuwa sita. Boksi la kupozea vinywaji, tunakwenda milimani mwezi wa Juni! Mabinti zake wawili walikuwa wamevaa mito ya shingo tayari, wanazunguka uani kama ng'ombe wenye nira. Mdogo wangu alikuwa anapitia maji na oili, haangalii nyuma.

"Shikamoo, wifi," alinisalimia. "Umebeba dawa zako? Namba kumi na tisa."

"Marahaba. Sina ugonjwa."

Alicheka kidogo, akaandika kitu. Hadi leo sijui aliandika nini.

Alipoingia ndani kuwavika watoto soksi, mama alitoka akiburuta mkungu wake. Buti lilikuwa limejaa mpaka juu. Mama aliniangalia, na mimi nikaamua. Nilitafuta kitu cha kupunguza, mkono wangu ukashika mfuko mweusi wa turubai, mzito, umefungwa zipu. Sikuufungua. Nilijiambia ni takataka nyingine ya namba thelathini na ngapi, mashine ya kukaushia nywele za watoto au kitu kama hicho. Niliupeleka nyuma ya nyumba, nikauficha kati ya tangi la maji na ukuta, na kwenye nafasi yake nikausukumia mkungu. Nilijisikia vizuri kabisa. Nilijisikia kama mtu aliyeiokoa safari.

Tuliondoka saa tatu. Tulipita Usa River, tukapita Boma Ng'ombe, tukanywa chai Moshi. Mtoto mdogo alitapika kabla ya Mwanga, na lazima niseme ukweli kwamba mifuko ya kutapikia ilikuwa kwenye orodha, ilikuwepo, na wifi aliitoa kwa sekunde moja na kitambaa cha maji juu. Sikumsifu. Nilisema watoto wa siku hizi wana matumbo laini.

Tulikuwa tumeipita Same, kule kwenye tambarare ya miba na upepo wa vumbi, gari likaanza kuvuta upande. Pancha, nyuma kushoto. Mdogo wangu aliliweka pembeni, akakata matawi akayapanga barabarani kuwaonya wenye magari. Tairi la spea lilikuwa chini ya sakafu ya buti, kwa hiyo tukaanza kushusha. Hema likashuka. Viti vikashuka, boksi la vinywaji, mashine ya vumbi, mabegi, mkungu wa ndizi. Vikapangwa majanini mstari mrefu, na malori yakipita madereva wanatoa vichwa nje kutuangalia.

Spea ilitoka. Kisha mdogo wangu akainama tena, akapapasa huku na huku.

"Jeki iko wapi?"

"Kwenye mfuko mweusi," wifi alisema. "Na spana ya tairi na zile pembetatu nyekundu. Fundi alikurudishia vyote kwenye mfuko mmoja, nikauweka mkono wa kulia."

Nilisimama pale nimeshika chupa ya maji ya mtoto, jua utosini, nikiuona ule mfuko kati ya tangi na ukuta waziwazi kana kwamba uko mbele yangu.

"Mfuko mweusi hakuna," mdogo wangu alisema.

"Niliuweka. Angalia, nimeweka vema hapa."

"Vema! Tutapandisha gari kwa vema?" Aliichukua ile karatasi mkononi mwake. "Mto wa shingo upo. Penseli za rangi zipo. Jeki umeacha! Wiki tatu unaandika, unaandika, mwanamke mzima, na kitu kimoja cha maana unakiacha nyumbani!"

Wifi aliinua macho akaniangalia mimi, mara moja tu, kisha akayashusha. Nilidhani ananiangalia kwa aibu, kwa kuwa anagombezwa mbele yangu. Akasema taratibu, "Basi labda nimesahau."

Hapo ndipo ningesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini mimi ni dada mkubwa, mwalimu, mtu niliyeichekesha ofisi nzima kwa ile orodha, na nilikuwa nimezoea sana kuwa upande wa wanaocheka. Nikasema, "Usimgombeze, ni mambo ya kibinadamu." Nilimsamehe! Nilisimama kando ya barabara nikamsamehe mtu kosa langu mimi.

Tulikaa kama saa nzima. Mdogo wangu alipunga mkono mpaka ukachoka. Aliyesimama ni mama mmoja wa makamo, anaendesha pikapu iliyojaa matenga ya kuku. Alishuka na kandambili, akatazama ule mstari wetu wa mali majanini toka mwanzo hadi mwisho.

"Mnahama?" aliuliza.

"Tunakwenda kutembea Lushoto," nilijibu.

"Na vyote hivi? Na jeki hamna?"

Alitoa jeki yake nyuma ya kiti, akazikagua nati kwa macho, akachagua spana, na alipoona namna mdogo wangu anavyoishika, akamwambia, "Baba, nipishe." Alibadilisha tairi mwenyewe. Kuku walikuwa wanapiga kelele muda wote. Mama yangu alimkatia chana mbili za ndizi, naye akapokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaondoka kabla hatujamaliza kurudisha vitu. Zilizobaki mama alizigawa kwa wapishi wa kule tulikofikia, ambao wana migomba mpaka mlangoni. Walipokea kwa adabu.

Kutoka Mombo tulianza kupanda mlima. Wifi alikaa anaangalia mabonde. Mdogo wangu aliwasha redio, akaizima.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi tukiwa kwenye chai barazani, kila mtu amejikunja kwa baridi, nilikitua kikombe nikasema bila kuzunguka: "Ule mfuko niliutoa mimi. Uko nyuma ya tangi la maji. Nilitaka nafasi ya ndizi."

Mdogo wangu aliacha kukoroga chai. "Dada. Ungesema palepale."

"Najua."

"Nimemtukana mke wangu barabarani."

"Najua."

Wifi alikuwa anampakia mtoto siagi kwenye mkate. Hakuacha. "Nilikuona ukiutoa," alisema. "Nilikuwa dirishani, navisha soksi. Sikujua ni upi, nilidhani ni lile begi la midoli. Nilijua pale barabarani."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nikuumbue mbele ya mama yako? Wewe ni dada wa mume wangu." Alikata mkate vipande viwili, akampa mtoto. "Halafu nilitaka kuona utanyamaza mpaka lini."

Aliinua macho. Nimewaangalia watu wengi maishani kwa jicho lile la kumpima mtu, wanafunzi, wazazi wao, wakuu wa shule, lakini sikuwahi kukaa upande wa pili wa jicho hilo, tena kutoka kwa mtu niliyemzidi karibu miaka kumi na tano. Mdogo wangu alimwomba mkewe radhi palepale mbele yetu, kwa sauti ndogo, vibaya, kama mtoto aliyesukumwa mgongoni. Wifi akasema yameisha. Mama, ambaye masikio yake si mazima, aliniuliza kwa Kimeru tunazungumza nini. Nikamweleza. Alinywa chai yake mpaka mwisho, akasema kwamba yeye aliomba nafasi tu, hakumtuma mtu kuiba.

Tulikaa siku tatu. Watoto walifurahi. Lile hema walilichezea barazani kutwa nzima, mvua ya manyunyu ikinyesha, na sisi tukapata kupumzika. Niliwaeleza walimu wenzangu habari ya safari, lakini niliwaeleza sehemu ya yule mama wa kuku tu.

Mpaka sasa mimi na wifi hatujawa marafiki. Ananisalimia kwa heshima ileile, nikienda Kisongo ananipikia, ananisindikiza hadi kituoni. Ila nikianza kumsema mtu mbele yake, jirani au mchungaji au mwalimu mwenzangu, na utamu wa maneno ukaanza kunikolea, anainuka polepole, anasema ngoja aangalie sufuria, anakwenda jikoni. Nami nabaki sebuleni na nusu ya sentensi mdomoni.